Somo: Kufungua skrubu zenye kutu kwenye vizingiti vya milango ya Corolla ya zamani

Somo hili linahusu vibao vya alumini vinavyobana kingo za zulia kwenye vizingiti vya Toyota Corolla KE70, gari lililoanza kuundwa mwaka 1979, hasa lile lililokaa pwani. Vibao hivyo hukanyagwa kila siku kwa viatu vyenye maji na mchanga wa chumvi. Kwa kuwa skrubu ni za chuma ilhali kibao ni cha alumini, unyevu wa chumvi hufanya metali hizo mbili zilane: alumini hutoa unga mweupe unaozishika skrubu vichwani, huku kutu ikizibana chini kwenye bati.

Kwanza, safisha msalaba wa kila kichwa kwa sindano nene na brashi ya waya hadi uone chuma kitupu. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayowaharibia kazi, kwa sababu tope lililoganda huizuia ncha ya bisibisi isifike chini.

Pili, dondosha mafuta ya kupenyeza kutu na uyaache usiku kucha. Usitumie mafuta ya breki, kwani hula rangi.

Tatu ni bisibisi, na hapa naomba tutulie kidogo. Skrubu za magari ya Kijapani ya wakati huo zilitengenezwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, na nyingi zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya nyota hufanana na msalaba huo lakini hailingani nao: ncha yake hugota chini kabla kuta hazijashikana, kisha huteleza na kukila kichwa. Kwa maoni yangu, skrubu nyingi tunazozisingizia kutu ziliharibiwa na bisibisi. Tafuta ya JIS namba 2. Ukiikosa, saga ncha ya bisibisi ya kawaida kidogo sana, chini ya milimita moja, ujaribu tena.

Nne, gonga kichwa mara chache kwa nyundo kupitia bisibisi nzee, kisha ikandamize bisibisi kwa uzito wa mwili, ukaze skrubu kidogo ndipo uifungue. Isipotikisika, tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kila inapopigwa nyundo.

Ikiwa kichwa kimekwisha kulika, paka msalaba dawa ya kusagia valvu, kwa kuwa chembe zake huongeza mshiko. Ikishindikana, toboa kichwa kwa keekee. Kwa skrubu ya milimita 5, ncha ya milimita 5 hukikata kichwa, kibao kikanyanyuka, na kisiki kikabaki wazi kushikwa kwa plaizi ya kubana. Funga utepe kwenye ncha ya keekee ili ujue mahali pa kuishia, maana katika magari mengi nyaya za taa za nyuma hupita chini ya vibao hivi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, je, naweza kutumia moto?

Jibu: Si moto wa wazi, kwa sababu zulia liko karibu na linashika haraka, tena umekwisha kulimwagia mafuta. Unaweza kukigusisha kichwa kifaa cha umeme cha kuyeyushia risasi kwa dakika chache, baada ya kuyafuta mafuta yote, kisha ujaribu kufungua skrubu ikishapoa.

Swali: Yangu inazunguka bila kutoka. Nifanyeje?

Jibu: Bati la chini limeoza, hivyo meno hayana pa kushika. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya kibao karibu na skrubu, ukinyanyue kwa upole huku mwenzako akizungusha. Baadaye itabidi bati hilo lichunguzwe, kwani kizingiti huoza kuanzia ndani.

Swali: Nikirudisha skrubu za chuma kisichoshika kutu, tatizo litakwisha?

Jibu: Kutu ya skrubu itakwisha, lakini alumini itaendelea kuliwa, kwa sababu bado ni metali mbili tofauti. Kinachosaidia zaidi ni grisi kwenye meno na chini ya kichwa, pamoja na washa nyembamba ya plastiki ikiwa kichwa kina nafasi ya kuipokea.