Basi la Lamu msimu wa kaskazi: jinsi ya kufika ukiwa mzima

Mimi ni nesi, kwetu Langoni hapa Lamu, na kila kaskazi ikianza, ule msimu wa joto wa Disemba mpaka Machi hivi, naletewa wageni wameshuka boti wamelegea, kichwa chawauma, wengine watapika. Wao hudhani ni jua la Lamu, kumbe mambo yameharibika ndani ya basi. Sasa hizi ndio hatua nafuata mwenyewe nikitoka Mombasa na wanangu.

Hatua ya 1. Anza kunywa maji jana yake, sio asubuhi ya safari. Tazama mkojo. Ukiwa mweupe au manjano kidogo uko sawa, ukiwa kama chai mkandaa basi bado hujanywa.

Hatua ya 2. Usijinyime maji njiani. Hapa ndipo naomba mnisikize, haswa kina mama. Tunaogopa kumwambia dereva asimamishe, vyoo vya njiani twavijua, kwa iyo mtu anafunga kinywa tangu Mombasa, Malindi yapita, Garsen yapita, Witu, Hindi, mpaka Mokowe kunako gati ya kupandia boti. Khaleti yangu alifanya hivyo mwaka juzi, tangu alfajiri alikuwa na kikombe kimoja tu cha chai. Nilimpokea Mokowe, midomo imepasuka, ulimi wamshika akisema, akanyosha mkono ashike ukingo wa boti mkono ukapita pembeni mara mbili. Niliogopa wallahi. Manake joto letu lina unyevu, jasho halikauki haraka kwa iyo mwili haupoi, nao wazidi kutoa jasho tu hata ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mimi nafanya hivi: kila mtu na chupa yake, mafundo mawili matatu kila baada ya robo saa, na basi likisimama tu twashuka sote kwenda msalani hata asiyesikia haja. Nabeba leso moja ya kujizibia, kama hakuna choo cha maana twazungukana. Tiketi za asubuhi naomba viti vya kushoto, upande usio wa dereva, coz jua lapigia kulia kunako bahari.

Hatua ya 3. Weka pakiti mbili tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wa kumrudishia maji anayeharisha au kutapika) kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi lililo kwenye buti. Soma pakiti yataka maji kiasi gani, ziko za nusu lita na za lita, ukikosea haifanyi kazi vizuri. Ukikosa kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usijaze mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mtoto akitapika ngoja dakika 10 afu umpe kwa kijiko, polepole. Wa chini ya miezi 6 anyonye mara nyingi zaidi. Soda sio dawa ya kuharisha jamani, sukari yake yazidisha.

Hatua ya 4. Ukifika, saa sita mpaka saa tisa kaa kivulini. Kutembea Shela kwa mguu ni asubuhi au baada ya alasiri. Maji ya mfereji (ya bomba) chemsha. Dafu nywa, ni zuri, ila lipasuliwe mbele yako.

Hatua ya 5. Homa usiisingizie jua. Nenda upimwe malaria siku hiyo hiyo, na lala ndani ya neti. Kuna na mbu wa mchana, anazaliana kwenye mapipa na birika (matangi ya maji) za nyumbani, huyo ndiye alituletea homa ya chikungunya hapa Lamu 2004, watu wakashindwa hata kuinuka kitandani kwa viungo. Funika maji, na kabla hujapimwa meza paracetamol tu, aspirin na ibuprofen ziache, kama ni dengi, homa nyingine ya mbu huyo huyo, zaweza kuleta kutokwa na damu.

Hatua ya 6. Mtu akianza kuzungumza yasiyoeleweka, mwili wawaka moto, au aanguke, usingoje apumzike. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, barafu shingoni na makwapani. Kama hana fahamu usimpe kitu mdomoni. Mmoja aendelee kummwagia maji, mwengine atafute boti ya kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo, na ndani ya boti pia mwendelee kumpepea.