Somo: Kasha la kolaji na asemblaji, kwa njia za Höch, Saar na Mutu

Kolaji ni picha ya vipande vilivyokatwa na kubandikwa; asemblaji ni kazi ya vitu halisi vilivyounganishwa. Mwanafunzi wa sanaa akiulizwa ameathiriwa na nani, jibu lionekane mikononi mwake: anakata nini na anakibandika wapi. Hannah Höch, msanii wa Ujerumani, alibuni mitindo ya kufuma na kudarizi kwa wachapishaji Ullstein, Berlin, kuanzia 1916 hadi 1926, na magazeti ya picha ya mji huo akayakatakata kwa kolaji zake. Betye Saar, msanii wa Marekani, mwaka 1972 alichukua kishikio cha karatasi za kuandikia jikoni chenye umbo la mwanamke mtumishi mweusi, akamwachia ufagio, akamwongezea bunduki. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, alibandika vipande vya magazeti juu ya michoro ya kitabibu ya uvimbe wa mfuko wa uzazi. Wote watatu waliishika picha ileile inayomdunisha mwanamke wakaibadilishia kazi. Anzeni hapo.

1. Tafuta tangazo linalomtumia mwanamke kuuzia bidhaa. Toa nakala kwa printa ya leza, saizi tatu. Wino wa printa ya inkjeti husambaa ukigusa gundi, na karatasi ya gazeti la kila siku hugeuka manjano.

2. Kasha: plaiwudi ya mm 6, sm 30 kwa 20, kina sm 7, karibu sawa na la Saar. Piga msasa namba 120, paka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke. Ukiruka hatua hii ubao utainyonya gundi na karatasi itaachia pembeni.

3. Kata kwa wembe mpya. Fuata taya, nyusi, mstari wa mdomo. Ukikata nje ya umbo utabaki na ukingo mweupe unaoua picha nzima. Panga vipande vikavu kwanza, upige picha kwa simu.

4. Changanya gundi nyeupe sehemu 2, maji sehemu 1. Paka nyuma ya karatasi, subiri dakika moja itanuke, ndipo ubandike na kusugua kutoka katikati. Viputo vingi hutokana na karatasi kutanukia ubaoni.

5. Kanga: ifue itoke wanga, ipige pasi, bandika kwa gundi isiyochanganywa na maji. Amua mapema kuhusu jina. Ukilikata katikati unaandika sentensi mpya, kwa hiyo likate kwa makusudi. Kushona na kuunga viraka ni sanaa kamili. Wasanii Miriam Schapiro na Melissa Meyer waliipa kazi ya aina hiyo jina la femmage.

6. Vitu vizito vifunge kwa waya kupitia matundu mawili. Gundi nyeupe haishiki plastiki wala chuma.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, nimetumia kadibodi, imepinda kama upinde.*
Karatasi ikikauka husinyaa na kuvuta upande mmoja. Bandika karatasi ya uzito uleule nyuma, kisha ikandamize chini ya vitabu kwa saa 24, nailoni ikiwa juu na chini.

*Dada, kanga yenyewe ni ya marehemu bibi. Niikate?*
Usiikate wala usiipake gundi. Ikunje jina lionekane, uishike kwa mishono mirefu kwenye kipande cha marekani (kitambaa cha pamba), na marekani ndiyo uibandike. Siku ukiitaka, unafumua uzi.

*Kwenye maelezo ya kazi niandike nini kuhusu Mutu?*
Uamuzi mmoja tu uliojifunza kwake, na mahali unapoonekana kwenye kasha lako. Mfano: "Mdomo wa tangazo nimeuweka juu ya mchoro wa mapafu, kona ya chini kushoto."