Kupanga kamera za katsini kwa Godot, mfano ni ufuo wa Dunga

Natengeneza gemu kwa Godot, programu ya kutengeneza gemu, na leveli yangu ni ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Mashua zimevutwa nchi kavu, mafunjo yako upande wa kushoto, na mchezaji ni kijana wa boda amekuja alfajiri kubeba samaki kupeleka mjini. Kabla hajaanza kucheza nilitaka aone kwanza yuko wapi, kafilamu kafupi ka mwanzo, ndio wengi tunaita katsini.

Ile ya kwanza niliitengeneza na kamera moja tu, inaruka juu ya ziwa inazunguka mashua inashuka inapita katikati ya watu mpaka kwa boda, sekunde 22 nzima, na nikaona iko sawa kabisa. Binamu yangu akaitazama mpaka mwisho halafu akauliza, sasa mimi ni nani hapo? Alikuwa ameonyeshwa kila kitu na hakuna penye macho yake yalitulia. Nikaifuta yote nikaanza upya na shoti tatu fupi, na hiyo ndio njia naeleza hapa.

Natumia Godot 4 kwa sababu ni ya bure, ni faili ndogo hata ukidaunlodi na bando, na inakubali lapi ya kawaida. Ukifungua projekti mpya inakuuliza Renderer, yaani njia ya kuchora picha. Kwa mashine dhaifu chagua Compatibility, lakini ujue hapo hutapata ule ukungu wa lenzi unaofifisha vitu vya nyuma ya mtu, hiyo inataka Renderer ya Forward+ ama Mobile.

Kabla hujagusa kompyuta, enda mahali penyewe na simu. Hii hatua wengi wanairuka na kwangu ndio kubwa kuliko zote. Nilifika Dunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikarekodi vitu vitatu: ziwa kwa upana, mama anatandaza omena juu ya neti, halafu boda imesimama naangalia kutoka nyuma ya mabega ya dereva. Nyumbani nikacheza video nikihesabu. Mkono wa yule mama ulikuwa unaenda kama mtu anapangusa meza, anasambaza, anarudi, anaokota kijiti kimeingia kati ya samaki, na hiyo yote ni sekunde 4 na inatosha, huhitaji kamera izunguke popote. Kitu kingine niligundua hapo ni jua. Kisumu ukiangalia ziwa asubuhi jua linachomoza nyuma yako, upande wa nchi kavu, na kwa leveli yangu ya kwanza lilikuwa linatoka majini. Mtu wa huku angeona hapo hapo kuna kitu si kweli. Nikageuza DirectionalLight3D, ile taa inayofanya kazi ya jua, na mashua zikapata mwanga vizuri kutoka nyuma ya kamera.

Sasa kwa editori. Vitu vya leveli kwa Godot vinaitwa nodi. Tengeneza nodi tupu ya Node3D uiite Utangulizi, ndani yake weka Camera3D tatu (kamera zenyewe) na AnimationPlayer moja (ya kucheza animesheni). Usiburute kamera na mishale, utachoka. Shikilia kitufe cha kulia cha mausi, tembea na W A S D ndani ya leveli mpaka uone picha unayotaka, halafu ukiwa umechagua kamera bonyeza Ctrl+Alt+M, kamera inakuja kusimama penye macho yako yako. Kamera ya Godot inaanza na FOV, yaani upana ambao kamera inaona kwa digrii, ya 75, hiyo ni pana, inafaa ziwa. Kwa mikono ya mama niliishusha mpaka 35 nikarudi nyuma kidogo, omena zikajaa skrini na vitu vya nyuma vikasogea karibu.

Kukata kutoka kamera moja hadi nyingine ni rahisi. Fungua paneli ya Animation, tengeneza animesheni mpya, mpe urefu (yangu ni sekunde 14), halafu chagua kamera ya kwanza, na kwa Inspector, paneli ya mipangilio ya nodi, kando ya Current (kamera inayoonyesha sasa) utaona kaufunguo, cha kuweka alama ya mpangilio huo kwa sekunde uliyoko. Ukiwa sekunde 0 washa Current ubonyeze huo ufunguo. Kamera ya pili fanya vivyo hivyo ukiwa sekunde 6, ya tatu sekunde 10. Weka funguo za kuwasha tu, usiweke za kuzima, kwa sababu kamera moja ikiwashwa ile nyingine inajizima yenyewe, na ukianza kuzima mwenyewe utapata kamera ambayo hukuitisha.

Mwendo niliupa shoti ya kwanza peke yake. Weka Path3D (njia unayochora), ndani yake PathFollow3D (nodi inayotembea juu ya hiyo njia), na kamera ya ziwa uihamishie ndani ya hiyo PathFollow3D. Chora pointi mbili ama tatu kufuata ufuo, urefu wa macho ya mtu aliyesimama. Zima Loop, na Rotation Mode iweke None ili uelekeze kamera mwenyewe, la sivyo itakuwa inaangalia njia badala ya kuangalia maji. Kisha weka ufunguo wa Progress Ratio, yaani imefika wapi kwa njia: 0 mwanzoni, 1 kwa sekunde 6. Ukicheza utaona inaanza ghafla na kusimama ghafla kama matatu imefungiwa breki. Bonyeza ule ufunguo wa kwanza, enda kwa Easing, kliki kulia uchague Ease In-Out. Ni huo wa kwanza ndio unabeba mwendo wa kwenda kwa wa pili, ukibadilisha wa mwisho hakuna kitu kitatokea, mimi nilipoteza jioni nzima nikibadilisha wa mwisho.

Shoti ya tatu ipe wakati wako mwingi. Hiyo inafaa kuisha pale pale kamera ya mchezaji iko, urefu ule ule, FOV ile ile, inaangalia boda. Nakili namba za Global Transform (mahali na mwelekeo wa kamera ndani ya leveli nzima), usikadirie kwa jicho. Ikiachana hata kidogo, skrini inaruka wakati mchezaji anapewa usukani na anahisi ametolewa mahali.

Kuianzisha, kama si ya mwanzo wa leveli, tumia Area3D (eneo lisiloonekana) na signali ya body_entered, taarifa inayotoka mtu akiingia humo, na uweke alama kwamba ishacheza ili isirudie kila akipita hapo. Kabla ya kucheza mfungie mchezaji: set_physics_process(false) kusimamisha mwendo wake, na kama kugeuza kichwa kuko kwa _unhandled_input, funksheni inayopokea mausi na vitufe, basi set_process_unhandled_input(false) pia. Kumalizia iwe funksheni moja tu:

func maliza(_jina = ""):
    $AnimationPlayer.pause()
    kamera_ya_mchezaji.make_current()
    mchezaji.set_physics_process(true)
    mchezaji.set_process_unhandled_input(true)

Iunganishe na signali ya animation_finished, na pia na kitufe cha kuruka. Hiyo _jina iko kwa sababu animation_finished inatuma jina la animesheni, na kitufe hakitumi kitu. Tafadhali weka hicho kitufe, mtu akicheza mara ya tano hataki omena tena, na ukiwa na funksheni moja hutasahau kumrudishia kamera kwa njia moja ukakumbuka kwa ingine.

Ukitaka trela na lapi yako inakwamakwama, washa Movie Maker, kirekodi video cha Godot, ile ikoni iko juu kulia. Kwanza uandike jina la faili kwa Project Settings, sehemu ya Editor, Movie Writer. Yenyewe inangoja kila fremu ikamilike ndio iandike, kwa hivyo video inatoka laini hata kama kompyuta ilikuwa inavuta pumzi. AVI yake haipiti GB 4, kama trela ni ndefu chagua PNG, utapata picha za kila fremu na sauti kando kwa WAV, halafu uziunganishe kwa programu ya kuhariri video.