Jinsi ya Kuchagua Usukani Unaoifaa Meli

Mwenye meli anayeagiza chombo kipya, au anayekipandisha chelezoni ili kubadilishiwa usukani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, ilhali linalopaswa kutangulia ni kujua saa ambayo meli hiyo itakuwa ngumu kuitawala. Katika bahari ya wazi karibu kila usukani wenye ukubwa wa kutosha hushika njia. Taabu huja meli inapolisogelea gati polepole huku kusi ikiisukuma ubavuni. Nguvu ya maji juu ya usukani hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo meli iliyopunguza mwendo kutoka noti 12 (yaani maili 12 za baharini kwa saa) hadi noti 3, kama rafadha, yaani panga la injini linalozunguka majini, haisukumi maji, hubakiwa na sehemu 1 tu kati ya 16 ya nguvu iliyokuwa nayo. Chagua usukani kwa ajili ya saa hiyo.

Tuchukue mfano wa meli ndogo ya mizigo ya mwambao, yenye urefu wa mita 60, inayozama mita 3 majini ikiwa imejaa, na inayopeleka saruji na unga kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mtwara. Kwa meli za safari ndefu, desturi ya wasanifu ni kuzidisha urefu kwa kina cha kuzama, kisha kugawanya kwa 60 au 70. Kwa meli yetu, 60 kwa 3 ni 180, na tukigawanya kwa 60 tunapata usukani wa mita za mraba 3. Hata hivyo, chombo kinachoingia na kutoka bandarini kila mara kinahitaji zaidi ya hapo, na mimi ningegawanya kwa 50 au hata 40, yaani kati ya mita za mraba 3.6 na 4.5. Kupita kiasi nako kuna gharama yake, kwa kuwa usukani mkubwa mno huongeza ukinzani wa maji na hudai mtambo wa kuuzungusha wenye nguvu zaidi. Ikiwa nafasi iliyopo tezi, yaani nyuma ya meli, inaruhusu, afadhali bapa (ubao wa usukani wenyewe) refu kwenda chini kuliko bapa pana la eneo lilelile, kwa sababu hilo refu hutoa nguvu zaidi kwa pembe ndogo. Lakini lisipite chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, hasa kwa chombo kinachoweza kukaa juu ya mchanga maji yanapokupwa.

Jambo la pili ni mahali mhimili, yaani nguzo ambayo usukani huzungukia, unapopita katika bapa. Kwenye jahazi bapa lote huwa nyuma ya bawaba zilizofungwa kwenye fashini, nguzo ya nyuma ya chombo, na anayeshika kana, mpini wa usukani, huubeba mzigo wote wa maji kwa mikono yake. Mpangilio huo unatosha kwa chombo cha tanga, lakini kwa meli ya injini unalazimisha mtambo mkubwa bila sababu. Ndiyo maana usukani wa meli nyingi huachiwa sehemu ya bapa mbele ya mhimili, mara nyingi asilimia 20 hadi 25 ya eneo lote, ili maji yanayosukuma mbele yapunguze uzito wa yale yanayosukuma nyuma. Msikubali fundi aongeze sehemu hiyo kwa nia ya kuokoa bei ya mtambo, kwani ikizidi, usukani utajivuta wenyewe kwenda upande mmoja, na mtambo ukikatika hautarudi katikati.

Namna ya kuutundika usukani ndiyo inayoamua mengi kuhusu matengenezo. Usukani unaoning'inia kwa mhimili peke yake, bila tegemeo chini, hutengenezeka kwa urahisi na maji huupitia vizuri, lakini mhimili ndio unaobeba mkunjo wote, na ukipinda kwa kugonga mwamba, usukani hukwama. Meli kubwa nyingi hutumia usukani ulioshikwa katikati na pembe ya chuma inayoshuka kutoka tezi. Udhaifu wake ni mwanya kati ya pembe na bapa, ambako mapovu ya maji yaendayo kasi huitafuna chuma. Kwa meli yetu, itakayoingia mahali penye kina kidogo, ningependelea usukani wenye tegemeo la chuma linalotoka kwenye mkuku na kuishika ncha ya chini ya mhimili.

Kuhusu umbo la bapa, lile la kawaida hupoteza nguvu likigeuzwa kupita takriban nyuzi 35, kwa sababu maji hujitenga na uso wake. Upo usukani wenye kipande cha nyuma kinachojikunja zaidi ya bapa lenyewe, na hugeuza meli vizuri sana kwa mwendo mdogo, ila kina bawaba zake zinazolika na kuhitaji ukaguzi. Upo pia ule wa mkia wa samaki, ambao hauna kipande kinachocheza na unaweza kugeuzwa hadi karibu nyuzi 70, mradi mtambo uwe wa kufika pembe hiyo. Mimi ningeuchagua huu kwa meli ya mfano wetu, hata kama unakula mafuta kidogo zaidi safarini. Bapa lililopindwa ukingo wa mbele waachieni wenye meli za makontena za mwendo mkubwa.

Meli ikiwa na rafadha mbili, kila moja iwe na usukani wake nyuma yake, maana usukani mmoja wa katikati hukosa mkondo wa rafadha zote mbili, na hapo nahodha hawezi kuisaidia meli kugeuka kwa kuikoleza injini kwa muda mfupi. Tagi, boti za kuvuta meli, na boti za kusukuma matishari zina mambo yake. Katika Mto Mississippi, Marekani, boti hizo za kusukuma hufungwa usukani wa ziada mbele ya rafadha ili ziweze kuongozwa zinaporudi nyuma.

Mkataba na kiwanda utaje mtambo pamoja na usukani. Mkataba wa kimataifa wa SOLAS, unaohusu usalama wa maisha baharini, unataka mtambo mkuu, meli ikiwa imezama hadi kina chake kamili na inakwenda kwa mwendo wake wa juu kabisa, uweze kuuzungusha usukani kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi 35 upande wa pili, na sehemu ya kutoka 35 hadi 30 upande wa pili isizidi sekunde 28. Mtambo wa akiba hutakiwa kutoka nyuzi 15 upande mmoja hadi 15 upande wa pili kwa sekunde zisizozidi 60, kwa nusu ya mwendo huo au noti 7, lolote lililo kubwa. Viwango vya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, vya mwaka 2002, vilivyowekwa hasa kwa meli za mita 100 na zaidi, vinataka kipenyo cha mzunguko kisizidi urefu wa meli mara 5; kwa meli yetu hiyo ni mita 300, na hata kama haibanwi na kiwango hicho, kiandikeni katika mkataba, kisha muongeze jaribio la kugeuka kwa noti 4 mbele ya nahodha atakayeiendesha, kabla ya malipo ya mwisho.