Coast to Coast: anza na kayaki
Ukitaka kushiriki Coast to Coast ya Nyuzilandi, mashindano ya kukimbia, baiskeli na kayaki ya kilomita 243 kutoka ufukwe wa Kumara magharibi hadi New Brighton, Christchurch, usianze mazoezi kwa mbio. Anza na kayaki. Pumzi na miguu utavijenga popote, lakini kuusoma mto Waimakariri hakufundishwi barabarani. Ni takriban kilomita 70 za kupiga kasia, tena baada ya kukimbia milimani kupitia Goat Pass. Mto wenyewe hugawanyika mikondo mingi juu ya changarawe. Ukiingia mkondo wenye maji haba utakwama na kuanza kuburuta kayaki. Fuata penye maji mengi, hata kama njia inaonekana ndefu zaidi.

Ili mikono isichoke mapema, zungusha kiwiliwili na sukuma kwa mguu wa upande uleule unaopiga kasia. Kula na kunywa humohumo majini. Mrija wa maji uufunge karibu na mdomo. Ukikaribia nchi kavu, chezesha vidole na magoti, maana ukishuka miguu huwa imekufa ganzi, na bado kuna kilomita 70 hivi za baiskeli.