Kupiga picha za chukudu zenye hadithi

Ukitaka kusimulia maisha ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hapa Goma, usirundike picha za mtu akiteremka na magunia ya makaa; zote zinasema jambo moja. Sogea karibu: mikono kwenye usukani wa mti, goti juu ya ubao, mpira wa tairi kuukuu uliozungushiwa gurudumu. Kisha rudi nyuma uonyeshe barabara na kuta za mawe meusi ya volkano, mtazamaji ajue yuko wapi. Kwangu picha yenye nguvu zaidi ni ya mzigo ukishushwa na pesa zikihesabiwa. Mwombe papa, yaani mzee mwenye chukudu, ruhusa kwanza, halafu umwonyeshe ulizopiga. Wakati wa kuzipanga, toa kila inayorudia nyingine, hata kama inakuuma.