Jinsi ya kupima pendekezo la kuunganisha hisa kabla ya kupiga kura

Kampuni ya Marekani ambayo hisa zake huuzwa kwa senti nje ya masoko makuu, ikitaka kuorodheshwa Nasdaq, mojawapo ya masoko makuu ya hisa ya Marekani, kwa kawaida hutakiwa kufikisha bei ya dola 4 kwa hisa, na njia ya haraka ni kuziunganisha: kila hisa 20, tuseme, ziwe moja. Mwenye hisa 1,000 za senti 25 atabaki na hisa 50 za dola 5. Thamani ni ile ile, dola 250, wala sehemu yake katika kampuni haijapungua. Hatari iko kwingine.

Fungua taarifa ya mkutano wa wanahisa, utafute idadi ya hisa ambazo katiba ya kampuni inairuhusu kutoa. Hapo soma bila haraka. Kampuni yenye ruhusa ya hisa milioni 500, ambayo imekwisha kutoa milioni 400, imebakiwa na nafasi ya milioni 100. Ikiunganisha 20 kwa 1 bila kupunguza ruhusa hiyo, zilizotolewa zitashuka hadi milioni 20, na nafasi ya kutoa mpya itapanda hadi milioni 480. Hisa hizo zikiuzwa kwa wawekezaji wapya, ndipo sehemu yako itakapomomonyoka. Kwa maoni yangu, pendekezo la namna hiyo linastahili kupingwa, isipokuwa bodi ieleze waziwazi itazitumiaje.

Tazama pia kama bodi inaomba uhuru wa kuchagua uwiano, kwa mfano kati ya 5 kwa 1 na 50 kwa 1. Uwiano mkubwa unaweza kuharibu sharti jingine: daraja la chini kabisa la Nasdaq hudai angalau wanahisa 300 wenye hisa zisizopungua 100 kila mmoja, na yule wetu wa hisa 50 hahesabiki tena. Vipande vya hisa vinavyobaki idadi isipogawanyika sawasawa hulipwa fedha au hukamilishwa kuwa hisa nzima, taarifa itasema.

Kagua historia ya kampuni. Bei ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo, Nasdaq hutoa onyo, na kwa kawaida siku 180 za kujirekebisha. Lakini kampuni iliyounganisha hisa kwa jumla ya 250 kwa 1 au zaidi ndani ya miaka miwili hainufaiki na muda huo.

Mwisho, mpe dalali wako maelekezo ya kura kwa maandishi, kwa sababu katika mapendekezo ya aina hii mara nyingi anaruhusiwa kupiga kura kwa niaba ya mteja aliyekaa kimya.